Riwaya ya vijana yenye farasi wa majini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayeandika, au anayetaka kuanza kuandika, fantasia ya vijana ambamo farasi wa masimulizi ya kale ndiye mhimili wa kisa. Tumejikita kwa farasi wa majini wa Uskoti, Ireland na visiwa vya jirani, kwa sababu anampa mwandishi mnyama wa kutamaniwa na hatari yenye masharti, vyote kwa mpigo. Msimamo wetu utauona katika kila jibu: mwandike kwanza farasi, uchawi ufuate.

Farasi wa majini ni nani hasa?

Ni kiumbe anayetoka majini kwa umbo la farasi mzuri, mtulivu, pengine amekwisha kutandikwa, akasubiri mtu ampande. Uskoti wako wawili ambao watu huwachanganya. Kelpie ni wa maji yanayokwenda: mto, kijito, kivuko. Each-uisge ni wa bahari na maziwa, na ndiye mkali kupita wote. Kelpie kwa kawaida huzamisha; each-uisge huzamisha na kula.

Mshairi Robert Burns, katika shairi la mwaka 1786, aliwaweka kelpie kwenye vivuko wakati theluji inapoyeyuka na vipande vya barafu vinaelea, wakiwavuta wasafiri wa usiku kwenye maangamizi. Zingatia majira hayo. Ndio wakati mto wa Uskoti unapofurika ghafla na kivuko cha jana kinakuwa kaburi leo. Masimulizi haya yanajua jiografia yake, na riwaya yako nayo iijue.

Anamnasaje mtu? Naomba hatua kwa hatua.

Kwanza anaonekana malishoni, karibu na maji, akila majani kama farasi wa jirani. Pili anakubali kuguswa, jambo ambalo farasi mgeni wa kweli hakubali upesi. Tatu mtoto mmoja anapanda, kisha wa pili, wa tatu, na mgongo unarefuka kuwatosha wote. Nne, akiona maji au kunusa harufu yake, ngozi yake inanata kama gundi na hakuna anayeweza kushuka. Tano anazama nao kwenye kina kirefu kabisa. Asubuhi yanaelea maini tu. Sehemu hiyo haili.

Kisa maarufu cha aina hii kinasimuliwa eneo la Aberfeldy, Uskoti: wasichana saba wanapanda, mvulana mmoja anaona mgongo ukirefuka na kukataa. Kuna masimulizi mengine ambamo mvulana amegusa kwa kidole tu, kidole kikanata, akakikata mwenyewe kwa kisu ili abaki hai. Mwandishi wa vijana apaangalie hapo kwa makini. Hofu kubwa kuliko ya meno iko pale mtoto mmoja anapoona kisicho sawa huku wenzake wanamcheka kwa woga wake, na ana sekunde chache za kuamua. Sura yako ya kwanza ya hatari ijengwe juu ya sekunde hizo.

Kwa nini watu walisimulia mambo haya?

Sababu iliyo wazi ni kuwaweka watoto mbali na maji ya kina na wanyama wasiowajua. Msomaji wa pwani yetu hahitaji maelezo marefu: amekua akionywa kuhusu chunusi anayewavuta waogeleaji chini. Kazi ni ileile, kiumbe tofauti.

Zaidi ya hao wawili, nani mwingine ninayeweza kumtumia?

Visiwa vya Shetland wana nuggle, farasi mdogo mwenye mkia wa umbo la gurudumu. Anapenda kukaa karibu na vinu vya maji na kulisimamisha gurudumu la kinu. Wenye vinu walimfukuza kwa kumtupia kisu au kipande kinachowaka cha mboji kavu, ile inayotumika huko kama kuni. Huyu anafaa riwaya ya watoto wadogo zaidi, kwani ni msumbufu kuliko muuaji.

Visiwa vya Orkney wana nuckelavee, na huyu si wa kubembelezwa. Mpandaji na farasi ni mwili mmoja, hana ngozi, misuli na mishipa inaonekana wazi, na pumzi yake huleta maradhi kwa mazao na mifugo. Hawezi kustahimili maji matamu, kwa hiyo anayekimbizwa hujiokoa kwa kuvuka kijito. Iceland kuna nykur, mara nyingi wa kijivu, mwenye kwato zilizogeuka nyuma. Akisikia jina lake linatajwa hukimbilia majini. Kisiwa cha Man kuna cabbyl-ushtey, Sweden kuna bäckahäst.

Usiwachanganye wote katika kitabu kimoja. Chagua mmoja, mjue udhaifu wake mmoja, uukamue. Nykur peke yake anatosha kwa riwaya nzima: fikiria msichana ambaye nyayo zote anazozifuata zinamwelekeza alikotoka yule farasi, na si anakoelekea.

Anadhibitiwaje? Nataka shujaa wangu amfuge.

Masimulizi yanakupa njia zisizopungua tatu, na kila moja inazaa riwaya ya namna yake.

Njia ya hatamu. Katika visa vingi vya kelpie, nguvu iko kwenye hatamu: anayemnyang'anya hatamu zake, au anayefanikiwa kumvisha hatamu ya binadamu, anamfanyisha kazi. Bwana wa Morphie, karibu na mji wa Montrose huko Uskoti, anasimuliwa kuwa alimfunga kelpie na kumbebesha mawe ya kujengea ngome yake. Alipomfungua, kelpie alilalamikia mgongo na mifupa yake inayouma, akamlaani kwamba hatafanikiwa maadamu yeye kelpie yu hai. Ukichagua njia hii umechagua kisa cha utumwa na malipo yake. Usimwache shujaa wako amtumie kelpie bure.

Njia ya bara. Ireland wanasimulia kwamba farasi wa baharini hutoka zaidi mwezi Novemba, na ukimkamata ukampeleka mbali na pwani anakuwa farasi bora kuliko wote. Sharti ni kwamba asione maji ya chumvi wala kunusa harufu yake; siku akinusa, anakwenda, na wewe uko mgongoni. Kwetu sisi hii ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ambazo masimulizi haya yanampa mwandishi, kwa sababu saa ya hatari inatembea pamoja na upepo. Ukishaieleza sheria hii, kila upepo unaogeuka kutoka baharini unamfanya msomaji ashike pumzi bila wewe kuongeza neno.

Njia ya chuma na moto. Kisiwani Raasay, Uskoti, mhunzi aliyeibiwa binti yake alijenga tanuri kando ya ziwa pamoja na mwanawe, wakachoma kondoo mpaka harufu ikatanda juu ya maji, huku kulabu kubwa za chuma zikiwa nyekundu motoni. Mnyama alipotoka kumfuata kondoo, wakamchoma kwa kulabu. Asubuhi palibaki rundo la kitu kama ute mzito. Ukitaka kisasi, mpango na fundi mwenye akili, hapa pana mfano kamili: chambo, harufu, silaha, subira.

Farasi wangu azungumze?

Akizungumza sana atakuwa mtu mwenye miguu minne. Mwili wa farasi unasema vya kutosha. Masikio yakielekea mbele, anasikiliza. Yakilala kabisa nyuma kichwani, anakaribia kung'ata au kupiga teke. Mkia unaochapwa bila nzi ni hasira. Kulamba midomo na kutafuna bila chakula, mara nyingi ni mvutano unaoshuka. Macho yako pembeni, kwa hiyo anaona karibu pande zote, ila haoni mbele kabisa ya paji la uso wala nyuma kabisa ya mkia. Ndiyo maana mzoefu humwendea kutokea begani huku akimsemesha.

Hapo ndipo unapopachika ugeni. Mwache mnyama afanye kila kitu sawasawa, kisha kimoja kisiwe sawa: nzi hawamtui. Manyoya ya shingo hayakauki hata jua la mchana. Farasi wengine zizini wamesimama upande mmoja, wote, wamempa nafasi.

Anaweza kukimbia umbali gani, kwa kasi gani?

Farasi wa kweli akitembea huenda kama kilomita 6 kwa saa, akienda matiti (mwendo wa kati ya hatua na shoti) kama 13, shoti ya wastani kati ya 20 na 25, na mbio kamili 40 hadi 48. Farasi wa mashindano hugusa 70 kwa muda mfupi tu. Mbio kamili huisha baada ya kilomita tatu au nne. Kwa safari ya siku nyingi yenye mpandaji na mizigo, hesabu kilomita 40 hadi 50 kwa siku. Yapo mashindano ya uvumilivu ya kilomita 160 kwa siku moja, lakini hao wameandaliwa kwa muda mrefu, na daktari wa mifugo huwapima njiani na kuwaondoa waliochoka.

Farasi wa kilo 500 anahitaji kilo 8 hadi 10 za majani makavu kwa siku na lita 25 hadi 50 za maji. Hawezi kutapika, hivyo msokoto wa tumbo unaweza kumuua. Rasimu nyingi zina farasi asiyekula, asiyenywa, asiyechoka, anayefungwa kwenye mti kama pikipiki. Wako wa majini anaweza kuvuka mipaka hii yote, lakini avuke kwa kipimo unachokijua. Ukisema ana mbio maradufu, shikilia maradufu mpaka mwisho. Msomaji wa miaka kumi na minne anakumbuka kwamba katika sura ya tatu alivuka nchi usiku mmoja, na hatakusamehe sura ya ishirini akichelewa kufika bonde la pili kwa sababu tu kisa kinahitaji achelewe.

Chini ya maji anapumuaje?

Farasi hupumua kwa pua peke yake. Hawezi kuhema kwa mdomo kama mbwa. Tena akiwa katika mbio, pumzi inafuata hatua: hatua moja, pumzi moja. Tumia hilo. Mpandaji aliyekaa mgongoni anaisikia pumzi ile ikipiga chini ya mapaja yake kwa mpangilio. Siku mpangilio ule unakatika, kwato bado zinagonga mchanga lakini pumzi haipo tena, na pua zimejifunga kama za kiboko, msichana wako anajua maji yako wapi kabla hajayaona. Huhitaji kueleza mapafu wala mashavu ya samaki.

Shujaa wangu hajawahi kupanda farasi. Nini kitamtokea mara ya kwanza?

Atapoteza mizani na kujishikiza kwa hatamu. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, itamuumiza farasi, naye atarusha kichwa juu. Mtoto ataogopa na kubana kwa visigino, na kwa farasi aliyefunzwa visigino ni amri ya kwenda mbele. Kwa hiyo mkono unasema simama na mguu unasema kimbia, na farasi mwenye hasira kidogo atasimama kwa miguu ya nyuma. Hivi ndivyo watu wanavyoanguka, na ni kweli zaidi kuliko kuangushwa na radi.

Mgongo mtupu uliolowa unateleza. Baada ya saa moja, ndani ya mapaja pamechubuka. Kesho yake kushuka ngazi ni adhabu. Kuhusu uzito, kanuni inayotumiwa sana ni kwamba mpandaji na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi: wa kilo 400, kilo 80. Na kumbuka kwamba farasi wadogo wa asili wa nyanda za juu za Uskoti hawafiki sentimita 150 mabegani. Ni wafupi, wanene, wenye manyoya mengi. Dume jeusi refu linalong'aa limeonekana mno. Mnyama mfupi wa kijivu mwenye matope magotini anamtisha mtu zaidi, kwa kuwa hakuna anayemwogopa.

Nataka mbio za ufukweni. Nizingatie nini?

Maji kupwa na kujaa ndiyo ratiba yako. Mchanga uliolowa na kushikana karibu na maji unabeba kwato vizuri. Ule mkavu wa juu unazamisha mguu na kuumiza kano. Ule wenye maji chini yake unaweza kumnasa farasi kabisa. Kwa hiyo mahali pazuri pa kukimbilia ni palepale pa hatari kwa mpanda farasi wa majini, na hapo mgogoro unajiandika. Mfano wa kweli upo: Laytown, kaunti ya Meath nchini Ireland, mbio za ufukweni zinafanyika tangu 1868, na saa ya kuanza hupangwa kufuata maji. Siku hizi hukimbiwa kwa mstari mnyoofu, bila kona.

Naweza kukileta kisa pwani ya Afrika Mashariki?

Unaweza, lakini uanze na ukweli kwamba farasi hapa walikuwa wachache na ghali. Mbung'o hueneza nagana, na usubi hueneza maradhi ya farasi ya Afrika. Farasi wageni hufa kwa wingi. Mnyama wa kazi wa Lamu ni punda.

Lipo tukio zito ambalo halijatumiwa vya kutosha katika hadithi zetu. Miaka ya 1571 na 1572 msafara wa Wareno ulioongozwa na Francisco Barreto ulikaa Sena, kwenye mto Zambezi, Msumbiji ya leo. Farasi wakaanza kufa, na watu pia. Wareno wakawashuku wafanyabiashara Waislamu wa hapo kwamba wamewatilia sumu, wakawaua kikatili. Leo tunaona kwamba maradhi ya eneo hilo yanatosha kueleza vifo vile. Mto, farasi wanaokufa bila jeraha, mtoto wa mfanyabiashara anayejua kwamba baba yake hana hatia: ukimwingiza kiumbe wa majini hapo, umpe jina na tabia za huko. Usimhamishe kelpie na sketi zake za sufu hadi Zambezi.

Na Buraki?

Tunashauri usimfanye mhusika. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili yeye ni kipando cha Mtume (S.A.W.) usiku wa Israi na Miraji. Hadithi zinamweleza kuwa mnyama mweupe, mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko nyumbu wa kuzaliwa na punda na farasi, hatua yake ikifika upeo wa macho yake. Uso wa mwanamke unaouona kwenye picha umetoka kwa wachoraji, hasa wa Uajemi na India. Ukitaka mnyama wa hatua ndefu vile, buni wako mwenyewe.

Mabawa je? Miguu minane?

Pegasus wa Wagiriki, tulpar wa Wakazaki na Wakirigizi, Sleipnir wa miguu minane wa Skandinavia: wote wazuri, na kila mmoja anataka utafiti wake. Jambo moja la haraka kuhusu mabawa: ndege huruka kwa misuli mikubwa ya kifua. Farasi wako awe na kifua kipana kupita kawaida, na mpandaji akae mahali ambapo bawa halimvunji goti.

Anageuka kijana mtanashati. Mapenzi yanafaa?

Each-uisge hujigeuza mwanamume mzuri, na anayemtambua humtambua kwa nywele: zina mchanga au majani ya majini. Kuna kisa cha msichana aliyelaziwa kichwa mapajani, akawa anamchambua nywele, akakuta mwani. Hakupiga kelele. Alingoja alale, akakata kile kipande cha nguo yake kilichokuwa chini ya kichwa, akaondoka taratibu.

Ukiandika mapenzi, usimpokonye msichana wako uwezo huo wa kuona na kuamua. Kiumbe wa miaka mia tatu anayemfuata binti wa miaka kumi na sita usiku, akimficha asili yake, ni mwindaji, hata kama macho yake yanapendeza. Kitabu kinaweza kuonyesha mvuto ule kwa ukweli bila kuusifu. Na damu? Waonyeshe maini yaliyoelea na nyuso za wazazi ufukweni. Kule chini usituteremshe.

Nitumie maneno gani ya vifaa?

Hatamu, lijamu, tandiko, vikuku vya miguu, kwato, mshipi wa tumboni. Miendo: hatua, matiti, shoti. Maneno haya tayari yanatumika kwa punda na yanatosha. Majina ya Kigaeli, lugha ya asili ya huko Uskoti, yaache kwa viumbe tu. Each-uisge hutamkwa karibu na "ekh-ushke", na kh iwe ile ya Kiarabu.

Urefu gani? Sura ngapi?

Lenga maneno 55,000 hadi 80,000, sura 25 hadi 30. Farasi aonekane kufikia sura ya pili. Sheria yake ijulikane kabla ya robo ya kwanza kuisha, na ivunjwe mara moja tu kwa gharama ndogo, ili msomaji aiamini kabla ya kuvunjwa kwa gharama kubwa.

Nani asome rasimu kabla sijaipeleka kwa mchapishaji?

Watu watatu. Mtu anayefuga au kupanda farasi, apewe sura zenye farasi peke yake, apigie mstari kila asichokiamini. Kijana wa umri wa wasomaji wako, asiulizwe kama amependa. Aulizwe aliweka kitabu chini ukurasa gani. Na mtu mwenye jicho la kalenda, afuatilie maji kupwa na kujaa, mwezi, na mwelekeo wa upepo kutoka sura hadi sura. Huyu wa tatu ndiye anayesahaulika, na kwenye riwaya ya farasi wa majini ndiye anayekuta makosa mengi zaidi: mwezi mpevu mara mbili katika wiki moja, au ufuo mpana wa mbio saa ileile ambayo juzi maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye miamba.